Bypass ya mguu: uzoefu wangu, kwa wenzangu mlioambiwa mkatwe

Naanza na matokeo maana najua wengi mtasoma mistari miwili mkimbie: mguu ninao, kidole gumba sina, cherehani nakanyaga ila sio kutwa nzima kama zamani. Operesheni yenyewe, yaani kushonewa mshipa mwingine ili damu iruke palipoziba, naipa nyota nne kwa tano, hiyo moja niliyokata nitaieleza na wala sio kosa la mkono wa daktari.

Mimi fundi cherehani wa Tanga, kisukari cha miaka mingi. Ilianza kigimbi cha kulia kukaza nikitembea, nikisimama kidogo kinaachia, nikiondoka tena kinakaza, nikaambiwa neva nikachomwa sindano za neva, wengine wakasema gauti, jirani mmoja akasema nitafute mtaalamu wa kienyeji nimetupiwa kitu. Baadae yakaja maumivu ya usiku, unalala mguu unawaka moto mpaka uuning'inize nje ya kitanda ndio unapata nafuu (mwenye shida hii anajua ninachosema), alafu kidole gumba kikatoka kidonda kikawa cheusi.

Hospitali ya kwanza, jina silitaji, walinipima presha ya kifundo cha mguu wakagawanya na ya mkono, wakasema iko vizuri. Kawaida chini ya 0.9 ndio wanahesabu una tatizo la damu kushuka. Sasa kumbe sisi wa kisukari mishipa ya miguuni inakuwa migumu imejaa chokaa, mashine inashindwa kuibana, namba inatoka nzuri wakati damu haifiki. Hili naomba mlishike. Namba nzuri na kidole cheusi haviendi pamoja, dai ultrasaundi ya mishipa. Mimi walivyoona kidonda hakiponi wakaniambia tukate chini ya goti, tena kwa haraka kama wanakupunguzia gauni. Nikasema hapana, wanangu wakanipeleka Dar kwa daktari wa upasuaji wa mishipa.

Pale nikapigwa ultrasaundi, kisha siti skani ya kuchomwa dawa, ikaonekana mshipa mkubwa wa paja umeziba kipande kirefu mpaka karibu na goti. Wakaanza na waya na puto. Wanaingilia kinena cha mguu usioumwa, wanazungusha waya juu unashukia mguu mgonjwa, puto linapulizwa pale palipobana linatolewa. Ganzi tu, kesho yake nikaruhusiwa. Daktari alinisimulia kwamba mgonjwa wa kwanza kabisa kufunguliwa mshipa hivyo, Portland huko Marekani mwaka 1964, alikuwa bibi wa miaka 82 aliyegoma kukatwa mguu, daktari wake Charles Dotter akapitisha vifaa vyake. Nilimpenda yule bibi bila kumuona. Kwangu puto lilifanya kazi vizuri, nikalala usingizi, ila haikupita miezi mingi mshipa ukajibana tena na maumivu yakarudi. Pesa ya puto bima ilikataa kulipa, nimeshachoka kuizungumzia.

Ndio ikaja bypass. Wanachukua mshipa wako mwenyewe wa vena, ule mrefu wa upande wa ndani wa mguu, wanaushona juu kinenani na chini ya goti, damu inaruka palipoziba. Mshipa huo una vilango ndani vinavyoruhusu damu kupanda tu, kwahiyo wanaugeuza juu chini ili damu ishuke bila kugonga mlango. Njia sio ngeni, Mfaransa Jean Kunlin aliifanya 1948.

Siku moja kabla walinilaza wakanipaka jeli wakatembeza ultrasaundi toka kinenani mpaka kifundoni huku wanachora ngozi kwa kalamu ya wino, wanapima unene, wakasema angalau ufike milimita tatu. Kwakweli hapa ndipo pa kuuliza maswali yako yote. Muulize daktari, mshipa wangu mwenyewe unafaa? Usipofaa wanatumia wa plastiki, na wa plastiki ukishonwa chini ya goti huwa haudumu kama wako. Na kama una kisukari usikubali hovyo dripu za mguuni, hiyo mishipa ni akiba yako.

Mbona wasingeanza na bypass moja kwa moja? Na mimi niliuliza, madaktari wawili wakanipa majibu mawili na wote hawakuwa waongo. Kuna utafiti unaitwa BEST-CLI ulitoka 2022, kwa wagonjwa wenye mshipa mzuri wa mguuni mabaya (kukatwa mguu, kurudiwa operesheni kubwa, kufa) yaliwapata asilimia 42.6 ya waliofanyiwa bypass na asilimia 57.4 ya waliopitishiwa waya. Alafu 2023 Waingereza wakatoa wao, BASIL-2, kwa walioziba chini ya goti, ukaja kinyume, waliopelekwa bypass kwanza walifanya vibaya zaidi. Kwahiyo inategemea umeziba wapi na mshipa wako ukoje na moyo wako utastahimili. Mwenye moyo mbovu asishindane, waya unamtosha.

Operesheni ilichukua asubuhi yote, sindano ya mgongo, nimezibwa na shuka lakini masikio yapo. Nikawa nawauliza mnashona na uzi gani, yule kijana msaidizi akacheka akasema mama huu wa buluu, mwembamba kama unywele. Mshono wa mshipa sijauona ila wa nje niliukagua, mwanzo pini za chuma zimepangwa vizuri, huko chini ya goti nafasi hazilingani, mwanafunzi alimalizia huyo naapa.

Jioni nesi akaja na kamashine kadogo ka kusikilizia akaweka jeli juu ya unyayo, ikasikika shwaa, shwaa, shwaa, akaweka alama ya X kwa kalamu ili wa zamu ya usiku wasihangaike kutafuta. Unyayo ulikuwa wa moto. Mimi nilikuwa navaa soksi Tanga mwezi wa pili jamani.

Sasa ile nyota niliyokata. Hakuna aliyeniambia vizuri habari za kidonda cha kutolea mshipa. Yani mguu umepata damu, shida yote ikahamia kwenye ule mkato mrefu, kwangu ulifumuka hapo chini ya goti ukatoa maji maji, nikawa nasafishwa na kufungwa bandeji wiki baada ya wiki. Mguu ukavimba, wanasema ni kawaida damu ikirudi, inaweza kwenda miezi, inua mguu ukikaa. Na upande wa ndani wa kigimbi mpaka leo una ganzi, neva inapita ubavuni mwa huo mshipa. Kidole gumba walikitoa baada ya damu kurudi, na kidonda chake kikafunga haraka kuliko cha mkato, ajabu.

Dawa ni aspirini na ya kolestro, sukari niibane, tumbaku hata ya kunusa marufuku. Kila baada ya miezi kadhaa narudi kupigwa ultrasaundi ya ule mshipa mpya, maana ukianza kubana wakiuwahi wanaupanua kwa puto kabla haujaziba, ukiziba kabisa ni habari nyingine. Mwanzoni mwanangu alisema nauli ya nini mama na wewe unatembea. Nikamwambia lete hiyo nauli.