Daraja la Tanzanite kwa mazoezi: nyota 4

Jamani kama upo Dar na hela ya jim huna, nenda Tanzanite asubuhi. Mimi na mama (ana presha, daktari kamwambia atembee) tunaanzia upande wa hospitali ya Aga Khan tunavuka mpaka ufukwe wa Coco, kilomita 1 na kidogo juu ya bahari, njia ya miguu ipo pande zote na hulipi hata mia. Upepo unakupiga usoni, mama anashika zile reli, anapumua, tunaendelea.

Nyota moja nimeitoa sababu kufika hapo ndo kazi, sisi tunatoka Mbagala daladala mbili, halafu kuna bodaboda wanapita kwenye njia ya watembea kwa miguu, juzi nusura wamgonge mama. Waweke vizuizi pale mwanzoni, wazee wanapahitaji sana.