Blowa ya umeme dhidi ya vumbi la Busia: uzoefu wangu

Naishi Busia upande wa Uganda, nyumba iko kando ya barabara ya murram ambayo bodaboda hazikauki. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, hata ufunge madirisha, vumbi jekundu litaingia tu. Nilichoka kumlipa fundi kila kompyuta ya watoto ilipoanza kunguruma, nikanunua blowa, yaani mashine ya kupuliza upepo, ya waya ya wati 600. Ina kigurudumu cha kuongeza na kupunguza kasi, na mfuko wa kitambaa wa kuigeuza iwe ya kufyonza. Nililipa shilingi 95,000 baada ya kuvutana bei.

Kwenye kompyuta ya mezani, pesa yangu imerudi. Niliizima, nikachomoa waya, nikaitoa barazani na kufungua ubavu. Ukiitazama feni kwa juu unaona vumbi kidogo tu; ukiitoa ndiyo unakutana na mambo. Kati ya feni na mapezi ya alumini yanayopooza prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, kulikuwa na utando mzito kama blanketi kuukuu, hewa haipiti. Joto likikosa pa kutokea, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, nawe unadhani ni virusi. Nikapuliza kwa kasi ya chini, umbali wa shibiri moja hivi, wingu jekundu likatoka na kuku wakakimbia. Tangu hapo mngurumo umekwisha.

Jambo moja ambalo karatasi ya maelezo haikulitaja: zuia feni kwa kidole au kijiti unapopuliza. Upepo wa blowa huizungusha kupita kiasi, beringi zinaharibika, na mota yake ikizungushwa hivyo hugeuka jenereta ndogo inayosukuma umeme kurudi kwenye bodi. Kile kisanduku cha paua saplai, kinachoigawia kompyuta umeme, nakipuliza kupitia matundu yake tu, sikifungui kamwe, kwa sababu kapasita za ndani, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Wenye televisheni za chogo wajue hilo zaidi.

Dekoda ilinichekesha. Nilipopuliza matundu ya ubavuni walitoka mende wakavu. Wanapenda pale kwa sababu kuna joto. Na hapa, jamani, tuzungumzie vile vitambaa vya kufuma tunavyofunika juu ya dekoda. Vinapendeza, lakini vinaziba matundu ya kutolea joto. Alichonifumia shemeji nimekihamishia kwenye kochi, na dekoda nimeiinua kwenye rafu, maana vumbi la ufagio huanzia sakafuni.

Udhaifu upo. Vumbi lililochanganyika na moshi wa jikoni na mafuta ya kukaangia halitoki kwa upepo. Linataka brashi laini ya rangi na spiriti kidogo, tena uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha blowa, kwa kuwa mota ya aina hii hutoa cheche. Ule mfuko wa kufyonza sijaona faida yake: vumbi jembamba linapenya kitambaa na kurudi chumbani, halafu mdomo wa plastiki unaofyonza huzalisha umeme tuli, kwa hiyo usiusogeze karibu na bodi. Kelele nayo ni ya kinu cha posho. Mtoto aliyelala ataamka. Umeme ukikatika, ndiyo basi.

Niliwahi kutumia yale makopo ya hewa ya madukani. Ndani si hewa, ni gesi, na ukiinamisha kopo linaitema gesi hiyo ikiwa bado kimiminika cha baridi kali. Linaisha upesi, unanunua tena.

Kama una televisheni bapa na dekoda pekee, brashi na kitambaa kikavu vinakutosha. Ukiwa na kompyuta na sabufa, na barabara yenu ni kama yetu, nunua. Kabla ya kulipa, waambie waichomeke uisikie inavyozunguka, na uangalie kwenye boksi kama kuna jozi ya akiba ya brashi za kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Hizo huisha, na zikiisha mota haizunguki.