Siku kumi za kujifunza kuuliza: kozi ya utafiti wa kimaelezo hapa Dodoma

Nililipa shilingi 450,000 kutoka mfukoni mwangu, na ningelipa tena. Naanza na hilo kwa sababu watu watatu wameshanipigia simu kuuliza kama ile kozi ya siku 10 pale Area D ni mafunzo kweli au ni kununua cheti. Ni mafunzo kweli. Ina kasoro mbili kubwa na nitazieleza, lakini kama kazi yako ni kwenda kwa watu na kurudi na maelezo yao, nenda.

Mimi nimekusanya takwimu kwa miaka 6 katika wilaya za Bahi, Chamwino na Kongwa. Kishikwambi mkononi, dodoso la maswali 80, kaya 10 kwa siku. Ndiyo, hapana, sijui. Kazi hiyo naiheshimu. Bila idadi hakuna mpango unaosimama. Ila kulikuwa na swali lililonikaa rohoni: "Je, kaya yako ina akiba ya chakula?" Mwezi wa sita, mtama umetoka kuvunwa juzi, mama anajibu hapana. Nabonyeza hapana, naaga, naenda mlango unaofuata. Nilijiandikisha kozi ili nijue kuna nini nyuma ya hapana ile.

Tulikuwa 14: maofisa maendeleo ya jamii, wanafunzi wa shahada ya pili, muuguzi mmoja, na sisi wa takwimu. Mwalimu ni mama wa makamo aliyefanya kazi hii vijijini miaka mingi, na kwa hakika yeye ndiye kozi yenyewe. Siku ya pili, badala ya kutupa somo juu ya ushuhudiaji, alitupeleka Soko la Majengo. Kaa sehemu moja muda wa saa 2, usimhoji mtu, andika. Nilikaa karibu na wauza karanga na mlenda mkavu. Jioni daftari langu lilirudi na mstari mwekundu chini ya maneno "muuzaji amekasirika", na pembeni swali: "Uliona nini?"

Nikalazimika kukumbuka. Nilimwona amekunja mikono. Aliitwa mara 2, hakugeuka. Alifunika beseni lake kwa kanga ilhali jua lilikuwa bado juu. Huenda alikasirika. Huenda alikuwa mgonjwa, au kuna mtu anayemdai aliyepita mbele yake. Hasira niliiweka mimi. Tangu jioni ile kila ukurasa tuliugawa kwa mstari katikati: kushoto unaandika ulichoona na kusikia, kulia unachofikiri. Ni kitu kidogo mno kukieleza, na kimenibadilishia kazi kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Mazoezi ya usaili yalikuwa magumu zaidi. Unamhoji mwenzako, mnanasa sauti, halafu darasa zima linasikiliza. Katika dakika 30 zangu, karibu nusu nilikuwa nazungumza mimi. Pabaya zaidi ni pale nilipouliza, "Kwa hiyo mnauza mapema kwa sababu ya ada ya shule, sivyo?" Mwenzangu akajibu ndiyo. Mwalimu akasimamisha sauti. "Hapo umejihoji mwenyewe, dada. Yeye amekubali tu kwa adabu." Akatueleza kwamba huku kwetu mgeni hakatazwi jibu analolitaka, ukimwonyesha mwenyeji mlango unaoutaka, atapita huo huo ili usiaibike. Dawa yake ni swali lisilo na jibu ndani yake, "nieleze ilivyokuwa mara ya mwisho ulipouza", kisha kunyamaza. Alituhesabishia kimoyomoyo hadi saba kabla ya kufungua mdomo tena. Saba ni ndefu sana ukiwa umekaa mbele ya mtu. Lakini maneno mengi ya maana niliyoyapata kijijini yalikuja kwenye tano au sita.

Kijiji sikitaji. Tuliahidi hivyo tulipoomba ridhaa. Kipo Wilaya ya Chamwino, kuna mibuyu na upepo wa mwezi wa sita unaojaza vumbi mpaka kwenye daftari, na hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojitokeza. Waandaaji walikuwa na barua ya halmashauri, lakini nakala iliishia kata. Kwa mtendaji wa kijiji haikufika. Tulikaa chini ya mti hadi saa 8 mchana huku simu zikipigwa. Mtendaji alikuwa na haki kabisa. Inauma kwa sababu asubuhi ya siku iliyotangulia tulifundishwa vizuri mlolongo wa vibali: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa kibali cha utafiti, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa maadili ya tafiti za afya, kisha mkoa, wilaya, kata, kijiji hadi kitongoji. Wanaofundisha mlolongo huo wasikwame kwenye kiungo chake. Nusu siku iliyopotea ilitoka kwenye siku 4 tu za uwandani.

Kasoro ya pili ni mkalimani. Vijana wa pale wanaongea Kiswahili bila shida, lakini wazee huwa huru zaidi kwa Kigogo, na baadhi yetu tulijua salamu ya "mbukwenyi" basi. Tukapewa kijana mchangamfu, mpole, asiye na mafunzo yoyote. Mzee mmoja alizungumza dakika 3 mfululizo, akaonyesha zizi, akaonyesha barabara, akataja majina ya watu. Kijana akageuka: "Anasema mvua ni shida." Dakika 3 zile zimebaki kwenye kinasa sauti na bado natafuta mtu wa kunifasiria neno kwa neno. Tena baadaye tulijua kwamba kijana yule ni ndugu wa kiongozi wa kitongoji, na nikaelewa kwa nini kaya mbili zilikuwa na majibu mafupi mafupi. Mkalimani anachaguliwa kama anavyochaguliwa mtafiti. Nilimwambia mwalimu hivyo, akakubali, nikamwona anaandika.

Sasa nirudi kwenye swali langu la akiba, maana ndilo lililonipeleka.

Siku ya tatu kijijini nilikaa kwa bibi mmoja tangu asubuhi. Sikuuliza chochote hadi tulipokuwa tumepepeta mtama kwa muda mrefu. Nilipepeta naye, vibaya, akanirekebisha. Ndani kulikuwa na viroba viwili tu. Nilipomuuliza kama ana akiba alisema hana, na akaongeza kwamba ametoka kwenye kikoba tangu mwaka juzi. Hapo nilishtuka. Kwake akiba ni fedha ya kikoba! Swali nililowauliza watu miaka 6, wengine walijibu jambo lingine kabisa.

Nikamwomba anieleze ilivyokuwa mara ya mwisho alipouza mtama. Nikanyamaza. Akapepeta ungo mzima. Kisha akasema, "Mwanangu, nafaka ikikaa ndani inaombwa. Atakuja shemeji, atakuja jirani, utamnyima? Mbuzi haombwi kwa sahani." Mtama wake aliugeuza mbuzi 3 mwezi wa tano. Chakula cha mwezi wa kwanza kilikuwa kinatembea uwanjani, na kwenye kishikwambi changu kaya yake ingeingia kama isiyo na akiba.

Sisemi kila kaya ya Ugogo inafanya hivyo. Maelezo ya mtu mmoja hayakuruhusu kusema hivyo, na kozi ilisisitiza jambo hilo. Kuhusu idadi ya kuhoji, mwalimu alitupa mfano wa utafiti uliochapishwa 2006, wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, ambapo mada nyingi zilishajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Akaonya hapo hapo kwamba 12 si sheria: wale walikuwa watu wanaofanana na maswali yalikuwa mamoja. Sisi tulihoji 9, na mpaka wa tisa bado mambo mapya yalikuwa yanakuja.

Somo la historia ya fani lilichukua asubuhi moja. Tulimsikia Malinowski, mwanaanthropolojia, na miaka yake katika visiwa vya Trobriand huko Pasifiki wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefanya utafiti shirikishi na wanavijiji wa Bagamoyo miaka ya 1970. Vizuri. Lakini Mathias Mnyampala, mshairi wa ngonjera na mzaliwa wa huku huku Dodoma, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, alitajwa tu kwa sababu mwanafunzi mmoja aliuliza. Huyo ningemweka siku ya kwanza.

Nusu siku ya programu ya kompyuta ya kupanga data iruke ukipenda. Mashine 5 kwa watu 14, hakuna aliyejifunza kitu. Mimi nilifaidika zaidi na kunukuu kwa mkono. Saa 1 ya sauti ilinichukua karibu saa 6, na kwenye kusikiliza tena na tena ndipo nilipomsikia bibi akicheka kidogo kabla ya kusema "utamnyima?" Siku nilipokuwa naye sikukisikia kicheko kile.

Siku ya mwisho tulirudi kijijini kuwasomea wenyeji tulichokielewa. Wengi wa waandaaji wa mafunzo hawafanyi hivi, na kwa hili peke yake nawapa hawa alama za juu. Nilisoma kwamba wanawake wanauza mapema ili kukwepa maombi ya ndugu. Bibi akainua mkono. Akasema hakukwepa mtu. Mbuzi mmoja ameshamchinja kwenye msiba wa shemeji yuleyule. Anachotaka ni kuchagua yeye lini atoe. Nikafuta neno "kukwepa" mbele yake, nikaandika alivyosema, upande wa kushoto.

Ada ni pamoja na usafiri wa kwenda kijijini, chakula cha mchana na daftari, malazi unajitegemea. Kinasa sauti uje nacho, au simu yenye nafasi ya kutosha. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: barua imefika kijijini, na mkalimani ni nani.