Pompi ndogo ya kusukuma maji ya shofo: inafanya kazi, lakini soma kwanza

Hapa Bukavu kuoga maji ya baridi asubui ya mvua si mchezo, njo maana watu wengi wanaweka shofo ku dushi, ile ndogo ya umeme inapasha maji wakati inapita. Shida yake: presio ikiwa chini, haiwake. Ya kwetu ilikuwa inawaka, inajizima, inawaka tena, unabaki na povu ku kichwa unaita mutu akuletee bidoni. Basi nikanunua pompi ya kuongeza presio, ile ya Kichina ya wati 120, nimeitumia tangu kiangazi na sasa mvua imerudi, naweza kusema gisi iko.

Kwanza muelewe juu ya nini shofo inakataa. Ndani kuko kakitu kadogo kanasukumwa na maji, kakisukumwa vya kutosha njo kanaacha umeme upite ku rezistansi, kile chuma kinapasha maji. Maji ikiwa kidogo kanabaki fasi yake, na ni vizuri hivyo, bila maji ya kutosha rezistansi ingeungua. Kwa hiyo plombiye akikuambia shofo imekufa ununue ingine, muulize kwanza tanki iko juu ya dushi kwa mita ngapi. Hesabu ni nyepesi: mita 10 za kushuka zinaleta presio ya kama bar 1. Tanki yetu iko ku meza ya chuma, kutoka pale mpaka ku pomo ya dushi haifike ata mita 3, yaani bar 0.3 hatuifikie. Wale wenye nyumba ya ku mteremuko, tanki iko juu ku barabara na dushi iko chini kabisa upande wa ziwa, hao wabaki na franga zao.

Shemeji yangu iko Ubelgiji, nilipomuelezea ku WhatsApp akajibu mbio mbio: angalia saa ya presio, ikiwa chini ya bar 1 fungua karobine ka chini, jaza mpaka 1.5, funga. Nikamuambia wapi shemeji, unaongelea ile mashine yenu ya kupasha nyumba nzima! Ile maji yake inazunguka paka mule mule mu matiyo na maradiateri, haitoke inje, ikipunguka ni kwamba kuko fasi inavuja ao lile kopo lake la hewa limeisha hewa, njo wanaongeza kidogo inaendelea. Ya kwetu maji inatoka ku tanki, inapita ku kichwa ya mutu, imeenda. Tulicheka sana. Lakini ukitafuta mashauri ku intaneti chunga, mengi ni ya ile mashine, utatafuta hako karobine ku shofo yako mpaka jioni.

Nilinunua ku kenkayeri moja ya upande wa Kadutu, walianza dola 75 tukamaliza 60. Mimi nilitaka ile kubwa ya wati 370, kijana wa pale akakatala: «Mama, ile itakupasulia matiyo, unataka kuoga ao kuzima moto?» Akafungua karato, akapandisha ndoo ya maji juu ya rafu, akashusha tiyo mpaka ku pompi chini, akachomeka, kisha akaziba mdomo wa tiyo na kidole ili nisikie gisi inajizima yenyewe maji ikisimama. Muuzaji anakatala franga zako unamuonaka mara ngapi? Kwa huduma nyota tano.

Sasa fasi ya kuiweka, hapa njo kazi inaharibikaka. Plombiye alitaka kuifunga kule juu karibu na tanki, kwake ni rahisi. Apana. Pompi hii ikiwa ku otomatiki inangoja kwanza isikie maji inatembea njo inaamka, na kule juu maji inaiingilia na presio ndogo sana. Tukaishusha mpaka ku ukuta wa inje wa dushi, mbele ya shofo, ku tiyo ya baridi, mshale wa ku mwili wake ukiangalia upande maji inaenda, na tangu pale ukifungua robine inaamka yenyewe. Kelele iko, kama frigo ya zamani. Tuliongeza tiyo ya kupita pembeni na robine yake ili siku umeme haiko tusikose maji, ni dola chache. Na pompi musiifunge moja kwa moja ku tiyo ya barabara, utavutia majirani maji yao na uchafu wote wa fasi zimetoboka.

Matokeo: shofo inawaka mara moja na haijizime tena. Ila maji ilikuwa vuguvugu! Watoto wakalalamika, mama umenunua nini. Yangu ni ya kilowati 5.5: litri 3 kwa dakika zikipita maji inapanda kama digri 26, litri 6 inapanda 13 tu, juu moto ni ule ule unagawanyika ku maji mengi. Kwa hiyo unafunga robine nusu, unapata moto wa kutosha na presio haichezecheze. Na mangaribi mtaa muzima ukipika na umeme, volti zikishuka 220 ikuwe 180, shofo inabaki na kama theluthi mbili za nguvu yake, pale pompi haina la kukusaidia.

Mabaya yake: zile mpira za ku maungio zilianza kutona mbio sana, nikaweka ingine nene ya beyi ya chini na imeisha. Plagi iko na miguu mbili, hakuna waya wa kwenda mu udongo, na hii ni kitu inakaa karibu na maji, fundi wa umeme aongeze huo waya mbele ya kuchomeka. Nyota tatu na nusu.

Mbele ya kutoa dola 60, vula pomo ya dushi na kale kachujio ka fasi maji inaingilia ku shofo. Kwetu kalijaa mchanga na vipande vya teflon, tulisafisha presio ikapanda kidogo, haikutosha, lakini kwako inaweza kutosha.

Garanti ni miezi 6, karatasi iko na muhuri, na imeandikwa haihusu pompi imezunguka bila maji. Kwa hiyo swichi ibaki ku otomatiki, ile fasi ya kuiwasha na mkono watoto wasiiguse, tanki ikikauka itazunguka hivyo hivyo mpaka iungue.