Niacheni nilie kwanza: uzoefu wangu na programu ya kutazama tamthilia na vichekesho

Nani aliwaambia hawa watu kwamba tamthilia inaisha pale mhusika wa mwisho anapofunga mdomo? Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka kujua ubora wa picha, bei ya kifurushi au idadi ya vifaa akaangalie kwenye tovuti yao, yote yapo. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema mpaka nichoke.

Tamthilia yenyewe siitaji jina, maana kuna watu bado wako msimu wa pili na sitaki kuwaharibia. Ni ya familia. Mama na mwanawe wa kiume wamekosana kwa sababu ya nyumba, na ugomvi unaburuzwa misimu kadhaa. Katikati inachosha, tusidanganyane. Kuna wakili anaingia na kutoka bila kazi yoyote, na kuna mapacha ambao mpaka leo sijui waliletwa kufanya nini. Lakini yule mama! Yule mwigizaji anakunja kitambaa cha meza tu, na wewe uliyekaa nyumbani unajua amemsamehe nani na nani bado. Wakili nilimvumilia kwa ajili yake.

Sehemu ya mwisho, kijana anarudi. Amechelewa. Anaingia chumbani anakuta kitanda kimeshatandikwa, shuka limenyooka, na miwani ya mama iko kwenye kimeza cha pembeni. Hakuna muziki. Anaichukua ile miwani, anaifuta kwa pindo la shati, lenzi moja, kisha ya pili, taratibu, kama vile mwenyewe anaisubiri mlangoni. Kioo kinakuwa cheusi. Majina yanaanza kupanda, kimya kabisa.

Sekunde chache, basi. Picha ikanywea, ikaenda kujibanza kwenye kona, na kioo kizima kikajaa jamaa mwenye koti jekundu anaingia jukwaani mbio, makofi, miluzi, naye anapaza sauti: "Mpo huko nyuma?" Sauti juu maradufu. Mimi nina chozi limefika nusu ya shavu.

Nikatafuta rimoti chini ya mito ya kochi. Nilipoipata nikabonyeza kurudi nyuma, programu ikanipeleka ukurasa wa mwanzo, tamthilia yangu imeshawekewa alama kwamba nimeimaliza. Nikaifungua tena. Ikaanza msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza: mama yuko hai, mzima wa afya, anamfunga mwanawe kamba za viatu. Hapo nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza ukapita muda na roboti linaloniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Halafu akaja binadamu, dada mmoja mwenye adabu za kuandikiwa.

"Pole ndugu mteja kwa changamoto uliyopata. Lakini tamthilia ilikuwa imeshaisha, si ndiyo?"

Nikamwambia, dada yangu, haikuwa imeisha.

"Kwenye mfumo wetu inaonyesha umetazama asilimia 100."

Mfumo wenu haukuwa umekaa na mimi kwenye kochi, nikamjibu. Akaniambia kipengele hicho kimewekwa kwa faida yangu, ili nisipate taabu ya kutafuta cha kutazama. Kwa faida yangu! Nikaanza kuandika jibu refu, nikafuta, nikaandika tena, na nilipokuwa bado natafuta maneno ya heshima ukatokea ujumbe: mazungumzo yamefungwa kwa sababu hujajibu kwa muda. Yaani hawa watu wakiona kimya popote wanadhani hakuna mtu.

"Ilikuwa imeshaisha, si ndiyo?" Neno hilo bado linanikereketa, kwa sababu halikuwa tusi. Aliuliza kwa moyo safi. Na tatizo haliko kwa yeye peke yake. Aprili 2010 BBC walikuwa wanaonyesha Doctor Who, tamthilia yao ya kusafiri katika wakati, mhusika mkuu amezingirwa, anamalizia maneno makali kabla hadithi haijakatwa hadi wiki inayofuata, mara katuni ya mtangazaji Graham Norton ikachomoza chini ya kioo kutangaza kipindi kinachofuata. Malalamiko yalipita 5,000, na BBC wakaomba radhi. Na ile ilikuwa katuni ya chini ya kioo tu! Mimi nilifunikwa kioo kizima na nikaulizwa kama hadithi haikuwa imeisha.

Fikiria The Sopranos, ile tamthilia ya Kimarekani ya familia ya majambazi, wangeishia kwenye programu hii. Juni 2007, sehemu ya mwisho, kioo kinakatika ghafla kinakuwa cheusi, sauti hakuna, sekunde zinapita kabla ya majina kuanza. Watazamaji wengi walidhani kebo imekatika. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu ule weusi, wengine wanauchukia kabisa, lakini uliwekwa makusudi na ni sehemu ya hadithi. Hapa kwetu ungepewa sekunde tano, halafu koti jekundu.

Na kicheko kina mahali pake. Marekani ya miaka ya 1970, ambayo televisheni yake ilikuwa inamwagia vichekesho vicheko vya kurekodiwa kama chumvi, ilikuwa na MASH, ile ya madaktari wa vitani. Waandaaji hawakukitaka kile kicheko, kituo kikakilazimisha, mwishowe wakakubaliana: kwenye chumba cha upasuaji, hakuna kucheka. Uingereza BBC wakaionyesha bila kicheko chochote. Watu wa zamani, mashine zao kubwa kama kabati, walijua wapi pa kunyamaza.

Kuna mahali pa kuzima, tuwe wakweli, dada alikuwa ameshanitumia maelekezo kabla ya kunifungia. Mahali penyewe si kwenye TV. Unafungua akaunti kwa kivinjari, unaingia kwenye wasifu wako, unashuka mpaka mipangilio ya uchezaji, chini kabisa, unaondoa tiki. Netflix waliwaruhusu watazamaji wazime vionjo vinavyojicheza vyenyewe mwaka 2020, watu walikuwa wameshalalamika sana, kwa hiyo si elimu ya angani. Nikaondoa tiki. Sasa kinachofuata hakianzi chenyewe, ila picha bado inanywea kwenye kona, na tangazo linakaa pale linakukodolea macho. Nusu ya haki.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya. Siku kadhaa baadaye nilimrudia yule wa koti jekundu, kwa nia mbaya kabisa. Nilitaka nimtazame ili nimchukie vizuri. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikasimamisha picha nipumue.

Anasema baba yake hajawahi kumwambia anampenda. Alichokuwa anasema ni "Umefika?" Ukisafiri, simu: umefika? Ukijibu nimefika, anakata. Basi, siku ya harusi, anasema, nimesimama mbele ya watu, pete imeshaingia kidoleni, simu inaita mfukoni. Natazama, ni baba. Na baba yuko safu ya kwanza, namwona, simu sikioni, ananiangalia usoni: "Umefika?" Anavyoigiza ile sura ya mzee, mdomo umebanwa, nyusi moja juu, huwezi kujizuia. Hatukani mtu, hamdhihaki mlemavu, haokoti mtu wa safu ya mbele kumsema nywele zake, ile tabia ya wachekeshaji wavivu nisiyoipenda. Ana baba na simu, basi, anakupeleka karibu saa nzima.

Nikaanza kuwaza, eh, kumbe programu ilinijua. Bila lile balaa nisingemfahamu huyu mtu. Nikawa nimeshaongeza nyota kichwani.

Kuelekea mwisho anashusha sauti. Baba amezikwa, watu wametawanyika, yeye kabaki peke yake pale kaburini hajui aseme nini. Akainama. "Nikamuuliza: umefika?"

Ukumbi hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi. Ameshusha maiki, amesimama, anaacha ule uzito ukae. Na picha ikanywea.

Nawaapia. Ikaenda kona ile ile, na kioo kikajaa picha kubwa ya katuni ya magari yanayoimba, "Huenda ukapenda pia hii". Sauti ya ukumbi imekatwa. Na mtu bado yuko jukwaani! Kwenye kile kidirisha cha kona nikamwona maiki imerudi mdomoni, midomo inacheza, halafu watu wote wanainuka, wanashika vichwa, mwanamke mmoja wa mbele amejikunja kwenye kiti. Kuna kitu amesema. Rimoti ilikuwa mkononi safari hii, nikabonyeza, na kama kawaida, ukurasa wa mwanzo. Umetazama asilimia 100.

Ikabidi nikatafute kipande hicho mtandaoni, kimerekodiwa kwa simu kutoka kwenye TV ya mtu. Baada ya ule ukimya anasema: "Hajajibu. Safari hii nikakata mimi."

Basi ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo nukta ambayo saa nzima ilikuwa inaiendea, na wameifunika kwa magari yanayoimba, kwa sababu aliyeweka alama ya mwisho aliiweka pale ukumbi uliponyamaza. Kwenye tamthilia wamenikata nikiwa nalia, kwenye stendapu wamenikata kabla sijacheka.

Je, nawashauri mjiunge? Maktaba yao ni nzuri, hilo siwezi kulikana, sijaona penye tamthilia za familia nyingi na nzuri hivi, na anayewachagulia vichekesho, awe mtu au mashine, ana jicho. Kama wewe ni mtu wa kutazama huku unachezea simu, jiunge, hutajua hata ninachozungumza. Kama unapenda kukaa mpaka jina la mwisho lipite, usijiunge. Au jiunge, utazame kwa kompyuta, ambako picha inanywea pia lakini ukiibofya inarudi. Hili nimeligundua juzi, na sielewi kwa nini TV, chombo tulichokitengenezea sebule nzima, kinyimwe.

Nilianza na nyota moja, kwa mchekeshaji zikafika nne, magari yakazirudisha. Naweka mbili, na ya pili ni ya yule mama wa kitambaa cha meza, wao wasiihesabu. Malipo ya mwezi huu yameshakatwa. Asubuhi nimepata ujumbe wao: mazungumzo yako na mhudumu wetu yalikuwaje, toa alama moja hadi tano. Nimebonyeza moja. Haifunguki.