Manila na Cebu kwa miguu: ngome za kale na chakula cha halali (uzoefu wangu)

Nimeipa nyota nne kati ya tano ziara ya kutembezwa kwa miguu ndani ya Intramuros, mji mkongwe wa Manila. Upande wa historia wameupatia barabara. Nyota niliyoizuia ni ya chakula, na nitaeleza kwa nini. Najua Waswahili wengi tulioko huku Ghuba tunafanya kazi bega kwa bega na Wafilipino, tunasikia sifa za kwao kila siku, na roho inatamani kwenda kujionea. Mimi ni mtu wa Mombasa, riziki yangu iko hotelini Doha, na ndege ya moja kwa moja hadi Manila ipo. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anaingia Ufilipino kwa siku 30 bila viza. Pasipoti iwe bado na miezi 6 mbele, uwe na tiketi ya kutokea, na ujaze fomu ya eTravel mtandaoni kabla hujatua. Fomu hiyo ni ya bure, kwa hivyo tovuti yoyote inayokudai pesa ikimbie.

Ziara ni ya nusu siku. Mnakutana asubuhi mapema kwenye lango la Fort Santiago, na wana haki ya kuanza mapema, kwa sababu joto la Manila ni la unyevu na kufika saa nne shati limekwisha kulowa. Kiingilio cha ngome hulipwa kando. Mimi nililipa peso 75. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kufika mbali, na tangu dakika ya kwanza alionekana kuwa mtu anayeupenda mji wake.

Pale penye ngome, akatwambia, kabla ya Wahispania palikuwa na boma la magogo na udongo kwenye mdomo wa mto Pasig, na mwenye boma alikuwa Rajah Sulayman, mtawala Mwislamu. Mhispania Martín de Goiti akaja kulichoma mwaka 1570. Mwaka uliofuata, 1571, Miguel López de Legazpi akautwaa mji na kuufanya makao makuu. Nimefanya kazi na Wafilipino miaka na sikuwahi kusikia kwamba Manila ilikuwa chini ya Waislamu kabla ya msalaba kufika. Ngome ya mawe ikafuata, ikajengwa kati ya 1590 na 1593.

Mtu wa Mombasa akitajiwa mwaka 1593 lazima ageuze shingo. Huo ndio mwaka Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus. Na mfalme alikuwa mmoja! Felipe wa Pili wa Uhispania, yule yule ambaye visiwa hivi vinaitwa kwa jina lake, alishika pia kiti cha Ureno kuanzia 1580, na Fort Jesus ilijengwa kwa amri yake. Ngome mbili, bahari mbali mbali, bwana mmoja. Nilipomwambia mwongozaji, alilisimamisha kundi zima na kuniomba niwaeleze wenzangu. Wapo waongozaji wanaokariri, ukiwakatiza wanapotea. Huyu alifurahi kupata jambo jipya, akaniuliza maswali hadi tukachelewa kituo cha pili.

Ndani ya ngome kuna nyayo za shaba zilizopachikwa ardhini, zinatoka kwenye chumba alichofungwa José Rizal hadi nje ya lango. Rizal alikuwa daktari wa macho na mwandishi. Tarehe 30 Desemba 1896 Wahispania walimtoa hapo kwa miguu, wakampiga risasi kwenye uwanja ambao leo una sanamu yake, akiwa na umri wa miaka 35. Nyayo ni fupi fupi, za mtu asiye mrefu. Vijana wa shule waliokuwapo siku ile walikuwa wakikanyaga moja baada ya nyingine, wamenyamaza kabisa. Mbele kidogo kuna msalaba mweupe juu ya kaburi la pamoja la watu wapatao 600, waliokutwa wamekufa kwenye mashimo ya ngome mwaka 1945 wakati Wajapani waliokuwa wameishika Manila wanashindwa.

Hilo la 1945 halikwepeki. Vita vya kuikomboa Manila vilidumu kama mwezi mmoja, Februari hadi mwanzo wa Machi, na raia wanaokisiwa kufika 100,000 wakapoteza maisha. Intramuros ilibomolewa karibu yote. Kanisa lililobaki limesimama ni San Agustin, lililokamilika 1607 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1993. Ingia hata kama si dini yako. Tazama dari: maua na mapambo unayodhani yamechongwa kwa mawe ni rangi tupu, imepakwa mwaka 1875 na mafundi wawili Waitaliano. Nilisimama chini nikaigeuza shingo huku na huku, jicho likikataa kuamini.

Mpaka hapo, nyota tano.

Halafu tukavuka mto kwenda Binondo, mtaa wa Wachina ulioanzishwa 1594 na unaohesabiwa kuwa mkongwe kuliko mitaa yote ya Wachina duniani. Hapa ndipo "sehemu ya kuonja vyakula" ilipo, na umeilipia ndani ya bei. Wakati wa kulipa niliandika wazi kwamba mimi ni Mwislamu, sili nguruwe, nikajibiwa haina neno. Kituo cha kwanza, siopao, maandazi meupe ya mvuke: ndani nguruwe. Cha pili, tambi za pancit: nguruwe vipande vipande. Cha tatu nikapata matumaini, kwa sababu hopia ni kikeki chenye kunde za kusaga. Mwenye duka, mzee wa Kichina, akaniangalia kofia yangu kichwani, akaniambia kwa uungwana kwamba unga wake umekandwa kwa mafuta ya nguruwe, bora niache. Mungu amlipe. Mwongozaji wetu aliona haya, lakini si yeye aliyepanga. Ofisi ndiyo iliyopokea pesa na maelezo yangu. Kwa hivyo kama wewe ni Mwislamu, lipia ziara ya Intramuros peke yake, Binondo nenda ukatembee bila kula. Barabara ya Ongpin inapendeza kwa macho: maduka ya dhahabu, matunda, dawa za mitishamba.

Niliwauliza kwa nini hawatupeleki Quiapo, ambako Waislamu wapo na ni mwendo wa miguu kutoka Binondo. Nikajibiwa kwamba kuna wezi. Ni kweli soko lina msongamano na simu ukae nayo mbele, kama Marikiti siku za sikukuu. Lakini kuwanyima wageni Quiapo kwa sababu hiyo ni kuwanyima nusu ya Manila.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi alinipa namba ya kaka yake, naye akanipeleka kwa jeepney. Zile gari zilianza na jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya vita. Utingo hakuna. Unampa abiria wa mbele yako nauli, naye anampa wa mbele yake, mpaka inamfikia dereva, na chenji inarudi njia hiyo hiyo mkono kwa mkono bila senti kupotea. Nimelipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia.

Quiapo unaanza na kanisa la Mnazareti Mweusi, ambalo kila tarehe 9 Januari linakusanya umati mkubwa ajabu. Nje ya kanisa wanauza mishumaa, mizizi, na hirizi, meza kwa meza. Pita hapo, ingia barabara ya Globo de Oro, na kuba la dhahabu linatokea juu ya mapaa ya mabati. Huo ni Msikiti wa Dhahabu, uliojengwa 1976 kwa ajili ya ziara ya Gaddafi, na Gaddafi mwenyewe hakufika. Tuliswali adhuhuri pale. Baada ya swala mtu aliyekaa kando yangu, Mmaranao kutoka Mindanao, kisiwa cha kusini, aliponiuliza natoka wapi nikasema Mombasa, Kenya, hakuniachia mkono mpaka tulipofika mlango wa kibanda cha shemeji yake.

Vibanda vimepangana hapo karibu na msikiti. Sufuria ziko mbele kwenye kioo, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Mama mwenye kibanda, amejitanda mtandio wa kijani, alinipakulia piaparan: kuku aliyepikwa kwa nazi iliyokunwa, manjano na tangawizi, juu ya wali wa manjano. Pembeni akaweka kijiko cha palapa kutoka kwenye mtungi wa kioo. Palapa ni vitunguu vya majani vya kwao vilivyotwangwa na tangawizi na pilipili, kisha vikachanganywa na nazi iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia. Ukali wake hauanzii ulimini, unaanzia puani. Alikuwa amesimama anangoja uso wangu. Nilipoomba kijiko cha pili alicheka akamwita mumewe aje aone. "Kula, kaka," akaniambia kwa Kiingereza chake, "hapa kila kitu halali." Sahani yote haikufika peso 150.

Wana pia pastil, wali na nyuzi za kuku ndani ya jani la mgomba, chakula cha Wamaguindanao, Waislamu wengine wa kusini, rahisi kabisa na kizuri cha kubeba. Na kuna tiyula itum ya Watausug, nao pia Waislamu wa kusini, supu ya ng'ombe iliyo nyeusi tii, kwa sababu nazi huchomwa mpaka iwe mkaa ndipo isagwe na viungo. Rangi isikutishe. Mchuzi ni mzito, una moshi kidogo, na kwa mtu aliyelelewa na nazi ni kama amepewa nazi mpya. Kampuni za matembezi zinazotaka pesa za Waislamu wa Ghuba, Malaysia na Indonesia ziwapeleke hapa. Vibanda hivi vinastahili biashara hiyo.

Kutoka Manila nilipanda ndege hadi Cebu, saa moja na ushee. Huko sikukodi mwongozaji kwa sababu kituo cha mji wa kale ni kidogo: Msalaba wa Magellan, Basilika ya Santo Niño na ngome ya San Pedro vyote unavimaliza asubuhi moja kwa miguu. Ngome ni ya pembe tatu, ndogo, tulivu, ina bustani. Lakini kwangu mimi kilichonishika ni ule msalaba, ndani ya kijumba cha pembe nane chenye dari iliyochorwa ubatizo wa 1521. Nje wanawake waliovaa nguo za manjano na nyekundu wanakuuzia mishumaa na kukuombea dua huku wanacheza taratibu.

Magellan huyu, baharia Mreno, kabla ya kufika Cebu kwa bendera ya Uhispania, alikuwa askari wa Ureno. Mwaka 1505 alijiandikisha katika msafara wa Francisco de Almeida kwenda India, msafara uliovamia Kilwa na, Agosti mwaka huo, kuiteka Mombasa, kuipora na kuichoma moto. Nilisoma habari hizo nikiwa shule nikazipita. Kusimama mbele ya jina la mtu wa msafara ule, upande wa pili wa dunia, kulinifanya nitake kwenda Mactan siku hiyo hiyo, kisiwa cha jirani, alipouawa tarehe 27 Aprili 1521 na watu wa Lapu-Lapu, chifu wa hapo. Uwanja wa kumbukumbu una vitu viwili: mnara wa mawe wa Magellan waliousimamisha Wahispania mwaka 1866, na sanamu ya shaba ya Lapu-Lapu, kubwa, imetazama mbele na upanga mkononi. Watu wanapiga picha na Lapu-Lapu. Na mimi nikapiga.

Ubavuni mwa uwanja huo kuna vibanda vya samaki. Unachagua samaki akiwa mbichi juu ya barafu, anapimwa kwa kilo, kisha unasema achomwe, apikwe supu, au akatwe mbichi na kutiwa siki na ndimu ndogo za kwao. Nilichukua changu wa kuchoma na supu ya kichwa. Uliza bei mbili kabla samaki hajapanda mizani, ya kilo na ya kupika, na ukubaliane nazo zote. Omba pia wavu wao wa kuchomea uoshwe au waweke jani la mgomba, kwa sababu nguruwe anachomwa hapo hapo. Hawakasiriki ukiomba. Wali unaletwa ndani ya puso, makuti mabichi yaliyosukwa kuwa kifuko, mchele ukaivia humo humo. Wanaupasua kwa kisu, unaula kwa mkono, una harufu ya kuti na hauchachi upesi, ndiyo maana wavuvi wanabeba.

Bibingka ya Cebu, mkate wa mchele na tui unaookwa moto juu na chini, ulizia kwanza: ile ya asili huumuliwa kwa tembo la mnazi. Na kwenye soko la Taboan utakuta danggit, ambao ni tafi wetu, wamepasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi wakawa wembamba wa kuvunjika. Wanakaangwa dakika moja, wanaliwa na wali na siki. Soko zima linanuka samaki na nguo zako zitanuka, kwa hivyo nenda mwisho wa siku, na uwaambie wakufungie kwa plastiki isiyopitisha hewa. Mashine ya kufungia wanazo.