Leza ya bastola: usianze na rangi, anza na swichi

Mambo vipi wadau, karibuni tena, hapa ni Houston, Texas, jua kali kama kawaida, na leo tunaongea leza za bastola maana mmeniuliza sana hili swali na karibu wote mnauliza hivi hivi, "kaka ninunue nyekundu au kijani?" Nawaelewa, rangi ndo kitu cha kwanza unachokiona dukani. Ila mimi msimamo wangu ni huu: kabla hujauliza rangi uliza hii kitu inawashwaje. Saa nane usiku umeshtuka usingizini, mkono unatetemeka, giza, ni kidole gani kitawasha hiyo leza na kitafika kwenye swichi bila wewe kufikiria? Ukishapata jibu hapo, mengine yote, rangi, bei, kampuni, yanakuwa mepesi.

Kabla sijashika chochote, hizi bastola hapa mezani ni tupu, nimefungua, nimeangalia kwa macho, nimepitisha kidole, na risasi ziko chumba kingine kabisa. Na wewe ukiwa unafunga leza nyumbani fanya hivyo hivyo, hata kama umetoa risasi sasa hivi angalia tena. Halafu jiulize nyuma ya ukuta unaoumulika kuna nani, maana kuta za apatimenti za huku ni jipsamu tu, risasi inapita na upande wa pili kuna mtoto wa jirani amelala.

Na video hii ni kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao wanamiliki kihalali. Kama ni raia au una green card, kwa sheria za shirikisho unaweza kununua bastola dukani ukiwa na miaka 21, unajaza fomu ya 4473, wanakuchunguza, basi, ila ucheki na sheria za jimbo lako. Ukiwa na viza ya mwanafunzi au ya kutembea, sheria ya shirikisho kwa ujumla inakukataza kumiliki silaha, hata risasi zenyewe, kuna vighairi vichache kama leseni ya uwindaji lakini usijiamulie mwenyewe, ongea na wakili, maana hapo unacheza na makaratasi yako yote ya kuishi huku.

Haya. Leza siyo red dot. Watu wanachanganya sana. Red dot ni kile kioo kidogo kinakaa juu ya slaidi, yani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, nukta unaiona wewe tu ndani ya kioo, kule unakolenga hakuna kitu. Leza inatupa nukta yenyewe kule, kwenye karatasi ya shabaha, kwa hiyo huhitaji kuleta bastola usawa wa jicho ili ujue inaangalia wapi. Hiyo ndo faida yake kubwa, mfano wewe umejificha nyuma ya kitanda, au ni mtu wa miwani ya kusomea na ile saiti ya mbele, yani kile kinundu cha kulengea, huioni vizuri, au mkono mmoja umeshika mtoto.

Sasa hii ya kwanza. Hii ni rivolva ya Smith & Wesson 642, inabeba risasi tano za aina ya .38 Special, ndogo, watu wengi wanaibeba mfukoni. Angalia saiti yake, hapa, sogea kamera, huu mwinuko mdogo mbele na huku nyuma ni mfereji tu kwenye chuma. Gizani hapo huoni kitu. Na haina reli, ile mifereji ya kufungia vifaa, kwa hiyo hizi leza za kubana chini ya mtutu hazikai. Nilichoweka ni mpini wa Crimson Trace, wale jamaa walianza Oregon mwaka 1994 na hii ndo kazi iliyowapa jina, unatoa mpini wa kiwandani, unafunga wa kwao, leza imo ndani ya mpini wenyewe. Ona hapa mbele, chini ya kikinga triga, kuna kidude laini cha mpira. Ukishika bastola kama kawaida kidole cha kati kinakikandamiza, leza inawaka. Ukilegeza, inazima. Hakuna kutafuta swichi, hakuna kukumbuka, ukiishika tayari. Mimi kwa bastola ya kujilinda huu ndo mfumo ninaoukubali kuliko yote na sioni aibu kusema.

Lakini ina tabia yake moja ambayo dukani hawakwambii. Jicho la leza liko upande wa kulia, juu ya mpini, karibu na fremu, yani mwili wa bastola. Sasa kidole cha shahada ukikinyoosha kwenye fremu, yani nje ya triga kama inavyotakiwa, angalia... nukta imepotea. Kidole kimeziba mwanga. Ukikipinda kidogo kwa juu inarudi. Watu wakiona hivyo wanapata wazo baya, wanapeleka kidole kwenye triga mapema ili tu waone nukta. Usifanye hivyo kabisa! Kidole kinabaki nje mpaka umeamua kufyatua, nukta isipoonekana acha isionekane.

Na kwa watu wa mkono wa kushoto hamna hilo tatizo, kidole chenu kiko upande ule mwingine.

Hii ya pili ni Streamlight TLR-6, iko kwenye Glock 43. Hiyo 43 nayo haina reli, kwa hiyo TLR-6 inabana kwenye kikinga triga, vipande viwili, kushoto na kulia, na skrubu. Faida yake unapata tochi na leza pamoja, tochi lumeni 100, hicho ni kipimo cha mwanga, siyo kali sana ila ndani ya nyumba unamtambua mtu. Na hapo niwe mkali kidogo: leza haikuonyeshi ni nani aliyesimama pale. Inakuonyesha tu bastola inaangalia wapi. Ukisikia kishindo jikoni saa tisa usiku inaweza kuwa ni mdogo wako karudi kutoka kazini zamu ya usiku, au mama mkwe katoka Moshi juzi bado hajazoea saa za huku, na nukta nyekundu kifuani mwake haikwambii ni yeye. Mwanga ndo unakwambia. Kwa hiyo mtu mwenye bastola ya nyumbani ambaye ana pesa ya kitu kimoja tu, nunua tochi kwanza. Leza ije baadaye.

Swichi zake ni hizi hapa, moja kila upande, unabonyeza kwa kidole cha shahada au dole gumba la mkono wa pili. Siyo ngumu, lakini ni kitu cha kufanyia mazoezi, haiji yenyewe kama ule mpini. Na inajizima yenyewe baada ya dakika 10, hiyo inaokoa betri ukisahau. Betri zake ni zile ndogo nene za CR-1/3N, mbili, ukitumia leza peke yake inakaa kama saa 11, ukiwasha na tochi inashuka mpaka saa 1 hivi. Ule mpini wa rivolva unakula CR2032, zile bapa za rimoti ya gari, unazipata popote. Mimi nabadilisha zote mara moja kwa mwaka siku ile ile hata kama bado zinawaka, betri ni bei ndogo sana kwa kazi yenyewe.

Kwa wenye bastola kubwa zenye reli, mfano Glock 19, hapo una uhuru, kuna TLR-8 ya Streamlight hao hao, lumeni 500, inatumia betri moja ya CR123A, inakuja ya leza nyekundu na ya kijani, na kuna kampuni ya Viridian ambao jina lao limejengwa kwenye kijani. Sirefushi hapo, maana zote ni swichi ya kidole na tofauti kubwa ni umbo la swichi, kwa hiyo nenda dukani ushike, weka mkono wako, uone kidole kinafika bila kugeuza mshiko. Mkono mdogo mkono mkubwa siyo sawa, mke wangu anafika kwenye swichi ambazo mimi zinanisumbua.

Haya tuje kwenye rangi sasa. Jicho la binadamu mchana linaona vizuri zaidi mwanga wa kama nanomita 555, hicho ni kipimo cha wimbi la mwanga kinachoamua rangi, ambao ni kijani cha kuelekea njano. Leza ya kijani iko kwenye 510 mpaka 532, nyekundu iko 635 mpaka 650 huko. Kwa hiyo kwa nguvu ile ile kijani inaonekana kali zaidi, hiyo ni kweli siyo matangazo. Hapa Texas ukitoka nje saa saba mchana nukta nyekundu unaitafuta hata kwenye shabaha iliyo karibu, kijani unaiona. Ila ndani ya nyumba usiku? Nyekundu inatosha kabisa, tena inatosha na kuzidi, na inakula betri kidogo na mara nyingi ni ya bei rahisi.

Na ninyi wa Minnesota huko kwenye baridi kali, sikilizeni, maana mko wengi. Leza za kijani za zamani, zile za nanomita 532, hazitoi kijani moja kwa moja, ndani kuna mwanga wa infraredi wa 808 unapita kwenye fuwele unakuwa 1064, halafu fuwele nyingine inaugeuza kuwa 532. Huo mfumo haupendi baridi, kwenye baridi kali mwanga unafifia au unachelewa kabisa kuwaka. Za siku hizi zenye dayodi ya kijani yenyewe, kama 515 au 520, zinavumilia zaidi. Kwa hiyo soma kwenye boksi, ukiona 532 na wewe bastola inalala kwenye gari lenye barafu, hapana. Na bastola kulala kwenye gari nalo sikushauri, zinaibiwa.

Nguvu ya leza yako isizidi miliwati 5, hicho ndo kikomo cha FDA, mamlaka ya serikali inayosimamia leza huku, kwa leza za aina hii, na lebo lazima iwepo. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya serikali, NIST, walipima leza 122 za kuelekezea, zile za mkononi siyo za bastola, karibu asilimia 90 ya za kijani na kama 44 ya nyekundu hazikukidhi masharti. Ndo maana nikiona leza ya kijani isiyo na jina inauzwa mtandaoni dola 30 siigusi. Jicho la mtoto halina spea. Na usimulike angani hata kwa mchezo, kuielekeza kwenye ndege ni kosa la shirikisho tangu 2012, mpaka miaka 5 jela.

Tatizo lingine la za bei chee ni teke la bastola, ule mshtuko ikifyatuka. Skrubu zinalegea, nukta inahama, na wewe hujui. Ukinunua yoyote, hata ya bei kubwa, iseti kwenye renji, yani uwanja wa shabaha, piga boksi moja la risasi 50, halafu iangalie tena. Ikiwa imehama irudishe dukani.

Kuiseti sasa, maana hapa ndo watu wanakwama. Leza haikai ndani ya mtutu, iko pembeni au chini yake. Tuseme iko inchi 1 chini, umeiseti yadi 10, yani hapo nukta na tundu la risasi vinakutana. Yadi 5 nukta itakuwa nusu inchi chini ya tundu, na yadi 20 mwanga umeshavuka, nukta iko inchi 1 juu ya risasi. Leza haijaharibika, ni hesabu tu. Kwenye rivolva yangu leza iko kulia, kwa hiyo ukipita umbali ulioseti risasi inaanguka kulia kwa nukta. Za Crimson Trace zinatoka kiwandani zimesetiwa futi 50, mimi nazirudisha yadi 10 kwa kile kiufunguo kidogo cha hex, cha pembe sita, robo ya robo ya mzunguko, unapiga tatu, unaangalia, unageuza tena. Ukizungusha sana umepotea. Na bastola ilale kwenye mfuko wa mchanga, usiiseti kwa mkono mtupu.

Ukianza mazoezi utaona nukta inacheza. Inatisha watu. Mkono wako siku zote ulikuwa unacheza hivyo, ni vile tu ulikuwa huoni. Kosa ni kusubiri ipite katikati halafu unavuta triga ghafla, hapo risasi inaenda chini kushoto huko kwa mtu wa mkono wa kulia. Acha icheze, vuta taratibu. Na kwenye kufyatua bila risasi, triga ya hii 642 ni nzito, leza inakuonyesha wazi wazi nukta inaruka wapi sekunde ile triga inapoachia, kwangu hiyo peke yake inalipa bei ya mpini. Ila saiti za chuma endelea kuzijua, betri itakufa siku moja.

La mwisho, kuna dada kaniuliza kama anaweza kumnunulia leza kaka yake aliyeko Nairobi mwenye leseni, aweke kwenye begi akienda krismasi. Dada yangu usiweke. Leza za bastola ziko kwenye orodha ya vitu ambavyo Wizara ya Biashara ya Marekani inavidhibiti kuvitoa nje, inahitaji kibali, na Kenya na Tanzania vifaa vya silaha siyo vitu vya kupita navyo uwanja wa ndege kimya kimya. Aulize huko huko kwa muuzaji mwenye leseni.

Video ijayo ni holsta, yani ala ya kubebea bastola, maana ukishafunga TLR-6 bastola haiingii tena kwenye ile ya zamani, na holsta isiyofunika triga vizuri sitaki kabisa muiwaze. Niandikieni chini bastola gani mnazo na leza gani mmeweka.